Friji Kwenye Ukuta wa Bi Mastura

Malindi,
9 Februari 1986

Mdogo wangu Msellem,

Pokea salamu, wewe na mkeo Kaltuma na watoto wote mmoja mmoja bila kumruka yeyote. Mimi nashukuru Mungu. Goti la kushoto lanisumbua nikiinuka kwenye sijida, lakini tumeshazoeana. Paa la ukumbini limezibwa, halowi mtu tena mvua zikija.

Friji imefika. Ilikuja Jumanne juu ya lori la nazi, imefungwa kamba kama ng'ombe wa Idi, na mahamali wanne wakaibeba kutoka barabarani, maana kichochoro chetu unakijua, lori haliingii. Mtaa mzima ulitoka. Kila mtu alifungua mlango akatia mkono ndani kuonja baridi. Nahashon, fundi wa stima, aliniwekea plagi, nayo ikaangukia pale nyaya zilipofika, kwenye ukuta wa ndani tunaoshirikiana na jirani yetu Bi Mastura.

Ahsante sana, ndugu yangu. Tangu marehemu aondoke hakuna aliyenifikiria zawadi kubwa kiasi hiki. Maji ni baridi mpaka meno yauma. Ina sauti kidogo. Nahashon asema ni kwa kuwa ni ya zamani, itatulia. Ikianza kunguruma paka hutoka chumbani, lakini itatulia.

Bi Mastura alikuja kuiona. Hasemi mengi, unamjua. Aliweka kiganja ukutani akasema, "Shekha, ukuta watetemeka." Tukacheka. Wewe ulikuwa umeshahamia Kilifi tulipoianza ada yetu, basi nikueleze. Tangu tulipobaki wajane sote wawili, kila siku baada ya sala ya alfajiri yeye hugota ukuta kwa mchi wa kinu kidogo, mara tatu. Maana yake, nimeamka, ni mzima. Nami humjibu tatu. Akiongeza ya nne, kahawa iko tayari, njoo. Miaka kumi na moja hatujakosa, ila siku zile nilipokwenda mazikoni Lamu.

Njoo uione friji yako. Kilifi si Makka.

Dada yako,
Shekha

*

Kilifi,
2 Machi 1986

Dada Shekha, shikamoo.

Nisamehe kwa kuchelewa. Watoto walishikwa na surua, wa kwanza mpaka wa mwisho, wakipokezana. Sasa wamepona na nyumba imerudi kuwa soko. Kaltuma akusalimu, asema ukipata shubiri ya Mambrui, ile ya dawa, umwekee.

Nimefurahi friji imefika salama. Nilikuwa na wasiwasi na lile lori.

Hapa ofisi ya simu mambo ni mengi. Wamekuja mafundi kutoka Nairobi na makabati ya chuma, yanatoa mlio wa titi-titi mchana kutwa. Wanasema sasa mtu atapiga mwenyewe moja kwa moja, hana haja ya kutuomba sisi maopareta tumuunganishie. Akikosea nambari, sauti ya mwanamke iliyotiwa kwenye ukanda itamwambia. Jedida, mwenzangu wa swichibodi, ni mtu wa bara lakini kwa mzaha atushinda sisi watu wa pwani. Alimwuliza fundi, "Na mtu akipiga huku analia, huyo mama atampa pole?" Fundi hakucheka.

Mimi sina wasiwasi. Miaka kumi na tisa nimekaa kwenye kile kiti. Najua sauti ya kila mtu mwenye simu kutoka Takaungu mpaka Gede, najua nani ana deni na nani ana mchumba. Mtu kama huyo hatupwi hivi hivi.

Kuhusu sauti ya friji, usiwasikilize watu. Atakayelalamika, jua ni wivu. Leo ni friji, kesho angelalamikia redio. Mtu haizimi neema yake kwa sababu ya macho ya jirani.

Kuja nitakuja, kazi ikipungua.

Mdogo wako,
Msellem

*

Malindi,
20 Mei 1986

Msellem,

Ramadhani njema kwako na kwa nyumba yako. Tumeingia kumi la pili, na jua ni kali kama lina kisa na sisi. Hujaja. Sikuulizi sababu, nakwambia tu kwamba nimeona.

Friji imekuwa habari ya mtaa. Maalim Athman anasema watoto wa chuoni wanasoma kwa kupiga kelele ili waishinde, na huyo huyo Maalim kabla ya magharibi huleta jagi lake nimtilie barafu. Wapo waliosema kwamba nyumba yangu imegeuka kinu cha kusaga. Zubeir wa dukani naye amenunua mashine ya juisi, inalia kama pikipiki iliyokwama mchangani, na hakuna anayemwambia neno. Yeye ni mwanamume na ana duka. Mimi mjane, hata friji yangu yapaswa kunong'ona.

Basi kwa ajili ya barafu za watu imebidi ifanye kazi kutwa kucha. Nimeisukuma mpaka ikagusa ukuta, nipate nafasi ya mabeseni. Sauti imezidi kidogo.

Sasa nikupe lililo moyoni. Siku chache kabla ya mfungo Bi Mastura alikuja, akakaa kwenye mkeka, akaniambia, "Shekha, nakuomba uizime alfajiri tu, hata nusu saa. Vikombe vyangu vyalia rafuni, na nikisali sijisikii mwenyewe." Nikawaka. Siku hiyo nilikuwa nimeshasemwa na watu watatu, na yeye akawa wa nne. Nikachukua barua yako chini ya mto wa kitanda nikamsomea pale pale, neno kwa neno: atakayelalamika, jua ni wivu.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavuta buibui lake akasema, "Haya. Msalimie Msellem." Akatoka.

Tangu siku ile hajagota ukuta. Kila alfajiri naketi kwenye kiti changu nikimngoja, na hakuna kitu. Mzima ni mzima, nasikia mlango wake na namwona akienda kisimani. Amenikata tu. Mimi ndiye mkubwa kwake kwa miaka minne, na ada ni yeye kuanza. Sianzi mimi. Niambie kama nina makosa.

Shekha

*

Kilifi,
3 Agosti 1986

Dada, shikamoo.

Barua yako niliipata zamani, na Idi ndogo ikapita bila mimi kukuandikia. Sina udhuru wa maana. Kaltuma ameanza kuuza maandazi asubuhi, yanapendwa. Mtoto wa pili amepanda darasa.

Ile mashine ya simu iliwashwa mwezi wa Juni. Ungekuwepo ungecheka. Mzee Mwambire alikuja kutoka Adu, safari ya tangu alfajiri, kumpigia bintiye aliyeko Mombasa. Akakosea nambari. Yule mama wa ukandani akaanza kusema samahani, nambari uliyopiga haipo. Mzee akavua kofia akamwamkua. Yule akarudia samahani yake. Mzee akamuuliza hali ya nyumbani. Samahani tena. Mwishowe akaiweka simu akatutazama. "Huyu mwanamke hana mama yake?" akasema. "Namsalimia mara tatu, ananipita tu!"

Watu wamegawanyika. Wengine wanafurahi, hakuna tena Msellem anayesikiliza mambo yao. Wengine wanasimama kwenye kibanda na simu mkononi wakiwa hawajui waanze vipi, kwa kuwa walizoea kwanza kuulizwa hali.

Nikupe kisa kingine. Nina rafiki yangu anafanya kazi kwenye hoteli moja huku ufukoni. Hoteli hiyo ina mashine ya kuamsha wageni. Jioni unaitegea saa, na asubuhi inapiga simu yenyewe chumba kwa chumba. Mgeni asipoinua, inaandika kwenye karatasi hakujibu, kisha inakwenda chumba kinachofuata. Rafiki yangu kazi yake ni kung'oa ile karatasi na kuitia kwenye faili. Meza yake iko mlangoni mwa jiko, mpaka shati lanuka vitunguu. Basi mzee wa chumba cha kumi na nne aliandikwa hakujibu siku mbili mfululizo. Mashine haikuona ajabu. Siku ya tatu rafiki yangu alipanda ngazi mwenyewe akagonga, akamkuta mzee yuko sakafuni, homa imemmaliza, simu inaning'inia. Wakamuwahi, amepona.

Dada, tangu siku ile sina raha. Nafikiria ukuta wako. Lile neno la wivu nililisema kwa ubishi, sikujua litafika kwa nani. Bi Mastura ndiye aliyeninawisha uso siku ya harusi yetu, Kaltuma aliponiona nimeiva manjano kwa unga wa dalia kama samaki wa kupaka. Gota wewe. Usihesabu nani mkubwa. Asipojibu, nenda mlangoni.

Msellem

24 Agosti. Barua hii nimetembea nayo mfukoni wiki tatu. Kila nikifika posta nakumbuka jambo la kuongeza, kisha siliongezi. Naituma hivi hivi.

*

Malindi,
7 Septemba 1986

Msellem,

Salamu zangu leo ni fupi. Barua yako ilinifikia tarehe ishirini na nane. Ungeituma ulipoiandika, ingenikuta bado nina la kufanya.

Idi ya kuchinja ilipita na sahani yangu haikwenda kwake, wala yake haikuja kwangu. Mara ya kwanza katika miaka yote. Siku ya tatu yake, Jumanne, niliamka stima haipo. Ilikatika usiku nikiwa usingizini, na barafu zote zilikuwa zimegeuka maji. Nikasali. Nilipotoa salamu nikabaki pale pale kwenye msala, nikishangaa kitu nisichokijua. Ilikuwa kimya. Tangu Februari sikuwa nimeisikia nyumba yangu kimya.

Ndani ya ule ukimya nikasikia mgoto. Mmoja. Nikangoja wa pili ukachelewa, kisha ukaja, dhaifu, na haukutoka pale pa kawaida, palipo usawa wa bega. Ulitoka chini, kwenye sakafu.

Nilitoka bila viatu. Mlango wake ulikuwa na komeo, Zubeir akaja akauvunja. Bi Mastura alikuwa amelala chini ya ukuta, mguu umekaa vibaya, midomo imekauka, na mchi uko mkononi. Alianguka alfajiri ya Jumatatu. Msellem, alikaa pale siku nzima na usiku wake, na mimi niko upande wa pili, shibiri moja ya udongo na chokaa, nagawa barafu.

Nikamtilia maji mdomoni. Akanitazama akasema, "Nimekugotia kila siku, Shekha. Kila siku. Ukawa hunijibu."

Nikamwambia nilidhani ameacha, nilidhani amenikata.

"Ugomvi ni ugomvi," akasema. "Mgoto ni mgoto. Ningeuachaje?"

Na hapo hapo stima ikarudi. Ndipo nilipoisikia friji yako kutoka kwake. Vikombe vyake vyote vilianza kulia rafuni, kimoja baada ya kimoja, na ule ukuta ukawa kama una homa. Hivyo ndivyo alivyoishi miezi sita. Na mimi nilipoombwa nusu saa nilimsomea barua.

Nyonga imevunjika. Alilazwa, kisha bintiye akaja akamchukua Mambrui moja kwa moja kutoka hospitali. Hakupita kuniaga. Nimempelekea salamu mara tatu kwa watu wanaokwenda huko. Zinafika, hazirudi. Wala simlaumu.

Sasa nikuambie ambalo sikukwambia. Friji ile niliichukia tangu siku ya kwanza. Nilikuwa nikijitia pamba masikioni. Sikusema kwa kuwa ilitoka kwako, na niliona haya kuikosoa zawadi. Nimeing'oa plagi. Naweka unga ndani, panya hawaingii.

Na yule rafiki yako wa hotelini, mwambie dada yake amemjua. Hakuna mtu anayejua harufu ya shati la rafiki yake vizuri hivyo. Ulidhani ningekucheka?

Shekha

*

Kilifi,
14 Septemba 1986

Dada yangu, shikamoo.

Barua yako nimeisoma nimesimama, na najibu siku ile ile. Kaltuma analia, anamwombea Bi Mastura.

Ndiyo, ni mimi. Walitupa barua za kuachishwa kazi mwezi wa Juni, mimi na Jedida na wengine wawili. Jedida amerudi kwao bara. Siku ya mwisho alizima taa ya swichibodi akaiambia mashine, "Haya mama, wakusalimie wewe sasa." Nilishindwa kuja Malindi kwa kuwa ungeniuliza habari za kazi, na usoni kwako sijawahi kusema uongo nikafaulu.

Lipo jingine, na hili ndilo lililonifanya nitembee na barua wiki tatu. Friji ile niliichukua hoteli hii hii, Januari, kabla sijaajiriwa. Waliitoa kwa sababu wageni walilalamika kwamba haiwaachi kulala. Nilijua, dada. Niliambiwa wazi. Nikasema moyoni, Wazungu hawana uvumilivu, sisi tutaizoea. Kisha nikakuandikia kwamba atakayelalamika ana wivu. Nilitaka uwe na kitu kikubwa kutoka kwangu kabla sijawa mtu asiye na kitu. Nisamehe, na ukiweza niombee msamaha kwa Bi Mastura.

Sasa sikiliza, hili nalijua kwa kazi yangu. Mashine iliyonitoa kwenye kiti ina jambo moja ambalo opareta asingeweza kukufanyia. Opareta lazima aseme na mtu. Mashine haisemi na mtu. Mkwewe Bi Mastura huko Mambrui ana duka na simu iko pale ndani ya nyumba, nimeitafuta nambari kwenye kitabu, iko nyuma ya karatasi hii. Nenda kwa Zubeir baada ya sala ya alfajiri. Piga, iache ilie mara tatu, weka. Hakuna aliyeinua, hakuna atakayelipishwa. Mtaani kwenu simu ni hiyo moja ya Zubeir, atajua ni nani. Asipojibu, piga kesho yake.

Msellem

*

Malindi,
5 Oktoba 1986

Msellem, mdogo wangu,

Natumai nyote wazima. Huku ni wazima, na goti limenipa likizo.

Nilianza Ijumaa ile ya tarehe kumi na tisa. Kidole kiliteleza nikakosea nambari, na yule mama wako wa ukandani akaniambia samahani. Nikamwitikia, "Si neno, mwanangu," kabla sijajua ninalofanya. Basi nakuomba radhi kwa kumcheka Mzee Mwambire.

Mara ya pili ikalia. Nikahesabu tatu, nikaweka. Nikangoja juu ya gunia la mchele mpaka jua likapanda. Hakuna kitu. Kesho yake hivyo hivyo, na kesho kutwa. Watu wanaokuja kununua majani ya chai wakaanza kujua. Wapo waliosema Bi Shekha amechanganyikiwa, anapiga simu asiseme neno. Wapo waliokuja mapema ili waone. Zubeir hakuniuliza hata siku moja, na nimemsamehe ile pikipiki yake.

Siku ya tisa nilikuwa nimeshavaa viatu niondoke. Simu ikalia. Zubeir akanyoosha mkono ainue, nikampiga kofi la mkononi mwanamume mzima mbele ya wateja. "Wacha!" nikamwambia. Akaizima mashine ya juisi. Duka zima likanyamaza, hata Maalim Athman aliyekuja na jagi lake. Ikalia mara tatu, ikakoma.

Nililia, Msellem. Nakuambia wazi, nililia pale pale dukani, na hakuna aliyenitazama usoni, Mungu awalipe.

Tangu hapo ni tatu zangu na tatu zake, kila siku. Msamaha wako niliutuma kwa mdomo wa bintiye, na jibu lilikuja jana: "Mwambie Msellem alikuwa mtoto mbishi tangu zamani. Mwambie aje na mkewe." Kuhusu mimi hakusema kitu. Bintiye alipomwuliza, alisema tu kwamba mimi na yeye tunazungumza kila siku.

Leo nilipiga kama kawaida. Nikaweka, nikangoja. Ikalia moja, mbili, tatu. Mimi tayari nimeinuka, nafunga buibui. Ikalia ya nne.

Zubeir akasema, "Mama, ya leo ni ndefu, nikuinulie?" Nikamwambia hapana, nifungie robo ya kahawa na tangawizi kidogo.

Barua hii naiandika juu ya kaunta yake, gari la Mambrui lanipigia honi nje. Ukija usinikute, usitie shaka. Ufunguo uko kwa Zubeir, na ndani ya friji kuna unga.

Dada yako,
Shekha